Namna ya kuomba kibali cha kuweka meza na viti nje ya mgahawa katika Mji Mkongwe wa Unguja

Mtu anayefungua mgahawa Shangani, Hurumzi au Kiponda hupima ukumbi wake wa ndani, akahesabu meza sita, kisha akatazama nje ya mlango na kuona kwamba pale zinaenea meza nyingine tatu. Nafasi ile si yake. Hata ikiwa nyumba anailipia kodi kila mwezi, na hata ikiwa yeye ndiye anayefagia mbele ya mlango kila alfajiri, ardhi iliyo nje ya ukuta ni njia ya watu wote, na kuweka kiti hapo ili kumuuzia mtu kahawa ni kuitumia njia hiyo kwa biashara. Kwa hiyo leseni ya mgahawa haitoshi, na ninalisema hili mwanzo kwa sababu wengi hudhani kwamba karatasi iliyotundikwa ukutani ndani inafika mpaka barabarani.

Katika eneo hili mwombaji ana milango miwili ya kubisha. Wa kwanza ni wa Baraza la Manispaa Mjini, ambalo kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya mwaka 2014 ndilo lenye dhamana ya usafi, biashara na utaratibu wa maeneo ya wazi ya mji. Wa pili ni wa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, ambayo huangalia kila kinachobadilisha sura ya mji huu, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Ushauri wangu ni kwamba usiende kwenye mlango mmoja ukangojea majibu miezi kadhaa ndipo uende kwenye wa pili. Tayarisha jalada moja, litoe nakala, na uzifikishe pande zote mbili katika wiki moja. Mwenye biashara Chake Chake, Wete au Mkoani ataanzia kwenye baraza la mji wake, na sehemu kubwa ya maelezo haya itamfaa, ila yale yanayohusu hifadhi ya Mji Mkongwe.

Kabla ya milango hiyo, lakini, kuna sheha, kiongozi wa serikali katika mtaa wako. Barua ya sheha ndiyo karatasi ya kwanza katika jalada, nayo humthibitisha mwombaji na mahali pa biashara yake. Usimwendee kwa ajili ya muhuri tu. Mpeleke mpaka mlangoni pako, umwoneshe kwa mkono ni wapi meza itakaa, na umwombe akutajie nani katika majirani ana mgonjwa, nani ana duka ambalo mlango wake utazibika, na ni msikiti gani watu huufikia kwa kupita kichochoro hicho. Baada ya hapo wapitie majirani wenyewe, mmoja mmoja, kwa salamu na kwa utulivu, uwaeleze saa utakazofungua na kufunga, kisha uwaombe watie saini katika karatasi moja ya ridhaa. Hata pale ambapo karatasi hiyo haikutajwa katika masharti, jirani aliyeulizwa mapema hana sababu ya kwenda kulalamika baadaye, na malalamiko ya jirani ndiyo yanayoviondoa viti vingi kuliko jambo jengine lolote.

Ridhaa ya mwenye nyumba nayo iwe ya maandishi. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe si za mtu mmoja: nyengine ni za serikali, nyengine ni za wakfu na husimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na nyengine ni za warithi ambao baadhi yao wako ng'ambo. Mkataba wa kukodi mlango wa chini haumpi mpangaji ruhusa ya kuitumia baraza ya nje, yaani lile benchi la mawe lililojengwa mbele ya ukuta, kwa hiyo andikiwa waziwazi kwamba baraza imo, au kwamba haimo.

Sehemu inayostahiki kazi kubwa zaidi ni mchoro wa vipimo, na hapa nitakaa kidogo. Chukua futi ya kupimia na msaidizi mmoja, upime upana wa njia katika sehemu tatu: mbele ya mlango wako, na kwenye kila ncha ya eneo unaloliomba, kwa sababu vichochoro vyetu havikunyooka na penye mita nne huweza kuwa mita mbili na nusu hatua chache mbele. Kosa nililolifanya mimi katika ombi langu la kwanza ni kupima kutoka ukutani, ilhali baraza ya mawe imetokeza mbele ya ukuta huo. Mkaguzi alipokuja na kupima kutoka ukingo wa baraza, njia niliyoiandika ikapungua karibu nusu mita na ombi likarudishwa. Pima kutoka kwenye kitu cha mwisho kilichotokeza, iwe baraza, ngazi, mfereji au nguzo ya umeme, na ukioneshe kitu hicho katika mchoro.

Kisha jiulize ni nini hupita hapo. Hupita watoto wa skuli, vespa, baiskeli, mkokoteni wa maji na wa mizigo, na siku moja litapita jeneza. Maiti hubebwa mabegani na watu hupokezana pande zote mbili huku wakienda kwa haraka. Hakuna anayepaswa kusimama ili mteja aondoe kiti chake. Kwa rai yangu, mahali ambapo baada ya kuweka meza hazibaki mita mbili zilizo wazi kabisa, usiombe. Gari la zimamoto haliwezi kuingia katika vichochoro vingi, kwa hiyo mipira ya maji na machela vitategemea nafasi hiyo hiyo.

Ili kuipata nafasi hiyo, mpangilio wa viti una maana kuliko idadi yake. Meza ya upana wa sentimita 60 ikiegemezwa ukutani, na viti viwili vikawekwa kwenye ncha zake ili wateja watazamane kwa kufuata urefu wa ukuta, kinachochukuliwa katika njia ni kama hizo sentimita 60 tu. Ukivigeuza viti vikaitazama njia, mteja akikaa na kunyoosha miguu utapoteza zaidi ya mita moja. Na pale penye baraza, baraza yenyewe ni kiti cha upande mmoja, imejengwa kwa kazi hiyo. Nakuomba tu usiigeuze kuwa ya wateja peke yao. Wazee waliozoea kukaa hapo baada ya alasiri na vikombe vyao vya kahawa na kipande cha haluwa walikuwapo kabla ya mgahawa, na kumwinua mzee barazani ili mgeni akae ni jambo la aibu, hata kama hakuna kifungu kinachokataza.

Katika jalada eleza pia aina ya vifaa. Viti vya mbao vinavyokunjika vinakubalika kwa urahisi kuliko viti vya plastiki vyenye nembo ya kampuni ya vinywaji, na mwavuli wenye kitako kizito ni bora kuliko turubai lililofungwa kwenye ukuta. Usitoboe ukuta kabisa. Majengo haya yamejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na tundu la msumari likizibwa kwa saruji, unyevu hufungika ndani na plasta huanza kubanduka. Sote tuliona mwezi wa Disemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, lile jumba la kihistoria la Forodhani, ikiporomoka, na ingawa sababu zake ni kubwa kuliko tundu la mwavuli, hakuna mwenye biashara hapa anayeweza kusema kwamba uzima wa kuta haumhusu.

Jalada likikamilika litakuwa na barua ya maombi yenye kutaja idadi ya meza, idadi ya viti na saa za kazi, nakala ya kitambulisho na ya leseni ya biashara, barua ya sheha, ridhaa ya mwenye nyumba na ya majirani, mchoro, na picha mbili za mahali penyewe, moja ya asubuhi na moja ya wakati njia imejaa watu. Ukihudumia watalii, hakikisha mambo yako na Kamisheni ya Utalii yako sawa kwanza. Malipo yafanye kwa namba ya malipo utakayopewa, si kwa fedha taslimu mkononi mwa mtu, na usiondoke bila ya risiti.

Ikiwa mbele ya mlango wako ni barabara ya magari, kama upande wa Malindi au Mizingani, huenda nafasi unayoitaka ni kituo cha taksi. Dereva wa taksi naye ana hali inayofanana na yako: karatasi zake za kazi zinamruhusu kubeba abiria, lakini hazimpi pahala pa kuegesha, na kituo ni jambo linalopangwa peke yake. Usipange meza juu ya kituo cha watu kwa kutumaini kwamba watahama. Zungumza na viongozi wao, na mkikubaliana mipaka, iandikeni na muiambatanishe na ombi.

Mkaguzi akija, uwepo mwenyewe na uzipange meza kama ulivyozichora. Kibali kikitoka, kisome mpaka mstari wa mwisho, kwa sababu mara nyingi tofauti iko katika saa na katika idadi; aliyepewa viti vinane akaweka kumi na viwili hana kibali cha vile vinne. Pombe ina leseni yake nyengine na isichanganywe na ombi hili. Mwezi wa Ramadhani kula hadharani mchana hakuruhusiwi, kwa hiyo viti vya nje viingizwe ndani mpaka baada ya futari. Usiku, ukifunga, kunja kila kitu na ukiingize ndani, ufagie mpaka mbele ya mlango wa jirani, na nakala ya kibali iweke karibu na mlango, pahala ambapo mfanyakazi wako anaweza kuitoa wakati wewe haupo.