Kumpima asiyeumwa: namna ya kutafuta malaria isiyo na dalili kaya kwa kaya

Jumamosi moja, kwenye kitongoji kimoja cha mkoa wa Tanga, nilimpima mvulana wa miaka 11 aliyeitwa kutoka kwenye chandimu. Alikuja anahema, magoti yamejaa vumbi, anataka tumalize arudi golini. Joto la kwapani nyuzi 36.6. Kipimo cha haraka (mRDT) kikatoa mstari wa C peke yake, yaani kinafanya kazi ila hakikuona vimelea. Hana. Jioni nikakaa na slaidi yake kwenye hadubini nikahesabu vimelea 3 katika seli nyeupe 500. Kwa hesabu yetu ya kila siku, vimelea mara 8,000 (seli nyeupe tunazokadiria kwa mikrolita moja), gawanya kwa seli nyeupe ulizohesabu, hivyo ni vimelea 48 kwa mikrolita moja ya damu. Kipimo cha haraka huanza kuona vizuri vikifika kama 100 hadi 200. Kibao cha kipimo hakikuwa kibovu na mimi sikukosea kukitumia. Vimelea vilikuwa vichache mno kwa uwezo wake.

Naandika haya kwa wenzangu wa maabara, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wanafunzi wanaopangiwa kupima watu wasiolalamika kitu. Zahanati mgonjwa anakufuata na homa yake, na mara nyingi homa huja vimelea vimeshazaana vya kutosha. Kijijini wewe ndiye unayemfuata mtu akiwa na jembe mkononi. Usidharau hali yake kwa kuwa hatetemeki: mtu huyu anaweza kuishiwa damu polepole, na vimelea vya uzazi vilivyomo kwenye damu yake vikanyonywa na mbu vikahamia nyumba ya jirani.

Hatua ya 1: Ujue unatafuta nini kabla ya kuagiza vipimo

Kipimo cha haraka hutumia mikrolita 5 za damu na kinatoa jibu ndani ya dakika 15 au 20, kwa hiyo mtu anapata dawa hapohapo. Hadubini mikononi mwa mtu mzoefu inafika vimelea 50 kwa mikrolita. Kwa wengi wetu, jioni, umeme unakatika na macho yamechoka, tuseme 100 na kuendelea. PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya vimelea, inashuka hadi chini ya 5, ila jibu linarudi baada ya siku au wiki kadhaa, na kumpata tena yule mtu ni kazi nyingine.

Kinachowashangaza wanafunzi wangu ni kwamba malaria ikipungua eneo fulani, waliobaki na vimelea huwa na vichache zaidi, hivyo kipimo cha haraka kinazidi kuwakosa. Zanzibar wameliona hilo. Tangu 2012 mgonjwa akithibitishwa kituoni, afisa wa wilaya hufuata hadi kwake na kuwapima wote wanaoishi naye, na tafiti za huko zimeonyesha kwamba kibao huacha sehemu kubwa ya maambukizi ambayo PCR huyaona. Ndiyo sababu moja iliyolifanya Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 kupendekeza nchi zisitegemee kupima kijiji kizima na kutibu waliokutwa tu kama njia ya kupunguza maambukizi.

Basi bosi akikwambia "tukapime kijiji chote kwa mRDT tuimalize malaria", mwambie mapema, kabla posho hazijapangwa. Ukitaka kujua kitongoji kipi kina vimelea zaidi ya kingine, mRDT inatosha kabisa. Ukitaka kujua ni watu wangapi hasa wamebeba vimelea, chukua na damu ya kukausha kwenye karatasi, ile tunayoiita DBS, ipelekwe PCR.

Hatua ya 2: Ingia kijijini kwa mlango

Kibali cha utafiti mkononi, kisha mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji, balozi. Hilo mnalijua. Nitakaa kwenye damu kidogo.

Mtu mwenye homa hakuulizi damu inakwenda wapi, anataka dawa. Asiyeumwa atakuuliza, na ana haki. Pwani yetu habari za mumiani hazijafa. Zinalala tu, na gari geni lenye maboksi meupe linatosha kuziamsha. Usizicheke. Mimi hubeba kijiko cha chai na kapilari moja, kale kamrija ka kuvutia damu, kwenye mkutano wa hadhara. Kijiko kinabeba mililita 5, kapilari ya kipimo mikrolita 5. Navuta maji kwa kapilari mbele ya watu, nayadondosha kwenye kijiko, nawaambia hiki hakijai hadi nimpime mtu wa elfu moja. Bibi mmoja alisema, "Mumiani huyu atakufa njaa." Watu wakacheka, na siku ile alinyoosha kidole wa kwanza.

Damu ya DBS ni zaidi ya hapo, na inasafiri. Sema hivyo waziwazi, sema inakwenda maabara gani na itapimwa nini. Mtoto anaombewa ridhaa na mzazi, lakini naye muulize. Akikataa, muache.

Hatua ya 3: Andika watu kabla ya kutoboa vidole

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, tena bila mtu kujua. Timu inafika saa nne asubuhi, inawakuta kina mama, watoto wadogo na wazee, inapima, inaondoka na takwimu nzuri. Watoto wa shule, ambao mara nyingi ndio wanaoongoza kwa kubeba vimelea bila kuumwa, wako darasani. Vijana wa kiume wako shambani, kwenye tanuri la mkaa, au dago, kambini na wavuvi, na wengi wao wanalala huko bila chandarua. PCR ya bei yoyote haimpimi mtu ambaye hayupo.

Kwa hiyo anza na orodha: kila aliyelala katika kaya hiyo usiku wa jana, na kila anayehesabiwa wa kaya hiyo hata kama hakulala. Kwa asiyekuwepo andika yuko wapi na anarudi lini. Kisha rudi alfajiri au baada ya magharibi, na Jumamosi kwa ajili ya wanafunzi. Mimi hutenga theluthi ya siku zote za kazi kwa ajili ya kurudi tu. Wasimamizi hawapendi, maana siku hizo mnarudi na sampuli kumi.

Hatua ya 4: Uliza vizuri, Kiswahili chetu kinaficha homa

"Hujambo?" "Sijambo." Mtu amelala siku mbili na bado hajambo, ndivyo tulivyolelewa. Ukiuliza "unaumwa?" kwa haraka, utaandika "hana dalili" kwa mtu aliyemeza panadoli asubuhi. Ngoja salamu ziishe, uje na maswali yenye saa na siku: Jana usiku ulisikia baridi? Tangu juzi mwili umechemka? Umemeza kidonge chochote leo? Mtu asiye na homa sasa, na ambaye hakuwa nayo ndani ya saa 48 zilizopita, huyo ndiye namuita hana dalili.

Maswali mengine mawili usiyaruke. La kwanza, je, ametumia dawa ya mseto ndani ya mwezi uliopita? Vibao vyetu vingi hunasa HRP2, protini inayotolewa na vimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, kwa hiyo mistari miwili, C na T ya vimelea, inaweza kuwa habari ya zamani. La pili, kwa mama, ujauzito. Muulize pembeni, si mbele ya mama mkwe.

Hatua ya 5: Kidole kimoja, matumizi matatu

Kidole cha pete cha mkono usiotumika sana, ubavuni mwa ncha. Subiri spiriti ikauke. Usipongoja, damu inachanganyika nayo na kutawanyika badala ya kusimama tone. Futa tone la kwanza. Halafu kwa mpangilio: kipimo cha haraka, slaidi (mikrolita 6 za utando mnene, 2 za mwembamba), mwisho karatasi. Usikamue kidole kama limau.

Weka saa ya mRDT pale pale unapodondosha bafa, yale maji ya kipimo. Kibao kilichosahauliwa nusu saa au zaidi hutoa mistari ya uongo, kitupe upime upya. Mstari wa T hata ukiwa hafifu kama kivuli, ni T. Boksi la vipimo lisikae juani kwenye pikipiki.

Utando mnene ukiwa bado mbichi, weka slaidi juu ya gazeti: ukiweza kusoma herufi kwa taabu, unene uko sawa. Ikaushe mahali tambarare. Na hapa nakuomba usikilize: sisimizi na nzi wanakula damu. Nimewahi kuamka nyumba ya wageni nikakuta slaidi za siku nzima zimebaki mviringo mtupu. Tangu siku hiyo natembea na kisanduku chenye kifuniko cha wavu. DBS nayo ikauke usiku mzima kivulini, kisha kila kadi kwenye mfuko wake wa plastiki na kipakti cha kukausha unyevu. Karatasi ikipata ukungu, umeipoteza.

Hatua ya 6: Soma slaidi kama mtu asiyeamini

Methanoli iguse utando mwembamba tu, mnene ukiupaka hautasomeka. Rangi ya Giemsa ya asilimia 3 kwa dakika 30 hadi 45, maji ya bafa yenye pH 7.2. Kanuni ya zahanati ni fildi 100, yaani sehemu 100 za slaidi unazoziona kwa hadubini, kabla ya kusema hamna, lakini fildi 100 ni takriban robo ya mikrolita tu ya damu. Kwa mtu asiyeumwa nasoma 200, na msomaji wa pili anarudia bila kuona jibu langu. Tukitofautiana, anakuja wa tatu.

Hatua ya 7: Ukiweza, rudia baada ya siku moja au mbili

Vimelea vya falsiparamu, aina mojawapo ya vimelea vya malaria, hukamilisha mzunguko wao kwenye damu kwa saa 48. Nusu ya muda huo, vikishakomaa, hujigandisha kwenye mishipa midogo ya ndani ya mwili, na kidoleni havionekani. Kwa mjamzito hujificha hata kwenye kondo la nyuma. Hivyo "hana" ya Jumatatu inaweza kuwa "anavyo" Jumatano, bila mbu yeyote kumuuma katikati. Bajeti ikibana, rudia angalau kwa sehemu ndogo ya watu uliowachagua kwa kura.

Hatua ya 8: Majibu

Aliyekutwa na vimelea anatibiwa kwa mwongozo wa taifa hata kama anacheza mpira. Kazi ni kummalizisha dozi ya siku tatu, kwa sababu hana homa ya kumkumbusha. Dozi ya kwanza ameze mbele yako, baada ya chakula. Mjamzito apelekwe kliniki leo leo, usimpe dawa kibarazani.

Kwa ambaye kipimo hakikuona kitu, mimi husema "leo hatukuona vimelea", sisemi "huna malaria". Na ongeza kwamba akipata homa kesho aende kupima, asibaki nyumbani kwa kuwa sisi tulimwambia yuko salama. Yule mvulana wa chandimu nilimrudia kwa tochi saa mbili usiku na dozi yake. Mama yake aliniuliza mara mbili kama nina uhakika ni mwanawe yuleyule.

Hatua ya 9: Ripoti

Usiandike asilimia moja peke yake. Weka ya mRDT, ya slaidi na ya PCR, kila moja kwenye safu yake, na pembeni ya zote idadi ya walioorodheshwa, waliopimwa, waliokataa na ambao hukuwapata hata uliporudi. Hao wa mwisho watenganishe kwa umri, jinsia na mahali walipokuwa. Kama wengi wao ni vijana wa kiume walioko dago, timu inayofuata ianzie dago.