Kulinda Saketi za Nanometa Unapobadilisha Kompyuta ya Ndege

Chipu za kompyuta za ndege za kisasa zimejaa transista, yaani swichi ndogo sana za umeme, zinazopimwa kwa nanometa (sehemu moja ya bilioni ya mita), na ndani ya nyingi kati ya hizo mna utando wa oksidi ya silikoni wenye unene wa nanometa chache tu. Utando huo huhimili takriban volti 1 kwa kila nanometa. Wabunifu huweka diodi za kinga kwenye pini, lakini kinga hiyo ina kikomo, ilhali mwili wa fundi aliyetembea juu ya zulia unaweza kubeba maelfu ya volti za umeme tuli, naye kwa kawaida hahisi chochote mpaka zikaribie 3,000. Kwa hiyo kutohisi mshtuko kidoleni si ushahidi kwamba chipu imesalimika.

Kwanza fuata kitabu cha matengenezo cha ndege hiyo: kata umeme, vuta sakiti breka zilizotajwa, uzifunge na kuziwekea kibandiko cha onyo. Kisha pima ukanda wa mkononi, ule unaoshusha umeme tuli wa mwili kwenye ethi, kabla ya kuuvaa. Hatua hii hurukwa kwa urahisi, nami naiona muhimu kuliko zote, kwa sababu ukanda uliokatika kwa ndani huonekana mzima kabisa. Uvae ukigusa ngozi, si juu ya shati, na uuunganishe mahali pa ethi palipoelekezwa. Kamba yake ina rezista ya megaomu 1, ambayo hushusha chaji ya mwili taratibu na, endapo utagusa waya wenye volti 115 za ndege, huubana mkondo unaopita kwenye kamba hiyo usizidi takriban miliampia 0.1. Usiibadilishe kamba hiyo kwa kipande cha waya wa kawaida, hata kwa dakika moja.

Ukishachomoa kisanduku cha kompyuta, usiguse pini za nyuma. Zifunike papo hapo kwa vifuniko vinavyopitisha umeme. Bodi tupu ishike kwenye kingo, uitie katika mfuko wa rangi ya fedha wenye tabaka la metali kabla hujavua ukanda. Mfuko wa plastiki wa rangi ya waridi hauzalishi chaji nyingi kwa msuguano, lakini hauikingi bodi dhidi ya chaji itokayo nje, kwa hiyo peke yake haufai kwa safari ya kwenda karakana. Mafundi wa Mombasa na Dar es Salaam nao wasitegemee unyevu wa pwani, kwani kiyoyozi hukausha hewa ya karakana.

Chipu iliyopigwa na umeme tuli si lazima ife hapo hapo. Utando waweza kudhoofika tu, kifaa kikafaulu majaribio, kisha hitilafu ikajitokeza angani baada ya muda. Ndiyo maana bodi ikiguswa bila ukanda, au ikitolewa mfukoni nje ya eneo lenye kinga, tukio hilo liandikwe kwenye lebo yake hata kama inafanya kazi vizuri, ili karakana iikague badala ya kuirudisha ghalani kama kifaa kizima.