Benzi ya zamani na baridi ya Mbeya: hita haipashi, dashi haionekani usiku, anzia hapa

Mwezi wa sita ukiingia huku ndo utajua kama gari yako ina hita au ina kitufe tu chenye picha ya hita. Saa kumi na mbili asubuhi pale Uyole ukungu umelala chini, vidole vimekufa ganzi kwenye usukani, kioo cha mbele kimejaa mvuke kwa ndani, unafungulia hita mpaka mwisho inakupulizia upepo wa uvuguvugu kama pumzi ya ng'ombe. Usiku nako unaangalia dashi huoni kitu, hujui uko spidi hamsini au tisini.

Haya mawili nimehangaika nayo kwenye gari ya mjomba, Benzi W124 (hiyo ndo namba ya toleo lake kiwandani), E220 ya 1993, aliinunua Dar kwa mtu akaileta huku. Na hapo ndo penye siri yenyewe maana gari iliyokaa Dar miaka yote nani aliwahi kuwasha hita kule? Na taa za dashi nani atazihitaji wakati barabara nzima ina taa? Kwahiyo magonjwa yalikuwepo siku zote ila hakuna aliyeyajua, siku ya kwanza tunaenda nayo Njombe usiku, tumeshaacha Makambako, ndo gari ikaanza kusema yote kwa mpigo. Naandika kwa mwenye Benzi za umri huo, ila hata mwenye Crown au Mark II au BMW ya miaka ile atapata chake, maji ni maji na balbu ni balbu.

Tuanze na hita. Usiguse hita yenyewe kwanza, angalia mshale wa temperecha. Endesha kama dakika kumi na tano hivi, sio kuiacha inaunguruma uani, iendeshe barabarani. Mshale unatakiwa upande usimame kwenye 80 au juu yake kidogo ubaki hapo. Ukiona ukipanda mlima unapanda, ukishuka mlima nao unashuka unakaa chini kabisa, jua karibu kwa uhakika thamostati (kile kidude kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto) haipo au imekwama wazi. Hita haina moto wake yenyewe jamani, inaiba joto la maji ya injini, sasa kama maji hayapati joto utaiba nini.

Hii ya kutoa thamostati ni ugonjwa wa nchi nzima. Gari ikichemka mara moja tu fundi anaichomoa anaitupa, anakwambia bosi hii ni ya nchi za baridi huku haina kazi. Ya mjomba tulifungua nyumba ya thamostati kwenye injini tukakuta tupu, kuna gasketi tu. Nilipouliza gereji moja hapa mjini yule fundi akaniambia kabisa, kaka we iache hivyohivyo, huku tuna milima gari zinachemka. Sio kweli. Injini inayofanya kazi ya baridi muda wote inakunywa mafuta zaidi, oili inachafuka haraka na injini inalika, na kama gari inachemka tatizo liko kwingine, rejeta imeziba, klachi ya feni imekufa, mfuniko wa kujazia maji haushiki presha. Huo mfuniko huku kwetu ndo wa kuangalia kweli maana Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya bahari na maji ya wazi yanachemka kwenye digrii 94 hivi badala ya 100, ukienda Kitulo kwenye mita 2,600 yanachemka kwenye 91 au karibu na hapo. Presha ya mfuniko pamoja na kulanti (dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta) ndo vinazuia hayo maji yasichemke mapema. Kwahiyo nunua mfuniko mpya, acha thamostati ifanye kazi yake.

Ukinunua thamostati angalia namba iliyogongwa juu yake, ya injini hii ni 87, yaani inaanza kufunguka kwenye digrii 87. Kabla hujaifunga ijaribu jikoni, ining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji isiguse chini, weka motoni. Ikianza kufunguka maji yakiwa karibu kuchemka iko poa. Usishangae haifunguki yote, ili ifunguke kabisa inahitaji digrii kumi na kitu zaidi ya hapo na sufuria ya Mbeya haifiki huko. Ila kama haijatikisika kabisa na maji yanatokota, rudisha dukani. Na funga gasketi mpya, sio silikoni peke yake.

Haya, mshale uko sawa lakini ndani bado baridi. Fungua boneti, tafuta mipira miwili inayoingia kwenye ukuta kati ya injini na kabini, ndo inapeleka na kurudisha maji ya hita. Injini ikiwa ya moto na hita imefunguliwa mwisho iguse yote miwili, kwa uangalifu, ikiwezekana na kitambaa. Hapo mipira yenyewe itakwambia. Yote ya moto sawasawa, maji yanapita vizuri, shida iko upande wa hewa. Mmoja wa moto mwingine vuguvugu au baridi, maji hayapiti, ni vali ya hita (inayofungua na kufunga maji yake) au rejeta ndogo, ile ya hita iliyo ndani ya dashi, imeziba. Yote miwili haina joto wakati injini ina joto, maji ni pungufu au kuna hewa imenasa humo ndani.

Hewa ndo rahisi. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa (narudia, baridi, watu wameungua uso kwa kufungua mfuniko wa moto) paki gari pua ikiangalia mlimani, huku Mbeya hutakosa mlima. Fungua mfuniko, jaza kulanti, hita fungua mwisho pande zote mbili, washa injini iache iungurume, minya minya mpira wa juu wa rejeta uone mapovu yanatoka. Maji yakishuka ongeza. Yakianza kupata moto na mapovu yameisha funga. Mapovu yasipoisha kabisa, na kila wiki unaongeza maji na huoni yanakovujia, na moshi mweupe unatoka wenye harufu tamu tamu, hiyo sio hewa tena ni hedi gasketi (ya kichwa cha injini) imekufa, acha mambo ya hita kwanza.

Vali ya hita kwenye hizi W124 zenye viduara viwili vya joto, cha kushoto na cha kulia, inaendeshwa na umeme, na uzuri wake ni kwamba ikikosa umeme inabaki wazi. Kwahiyo kipimo chake ni bure, chomoa plagi yake injini ikiwa ya moto inaunguruma, subiri dakika chache. Joto likija ujue vali ni nzima ila kuna kitu kinaiamrisha ifunge, ni sensa ya joto au ile kontroli ya kwenye dashi. Joto lisipokuja vali imekwama kwa uchafu au rejeta ndogo imeziba. Taratibu tu na waya, maana za kuanzia 1992 mpaka 1995 waya nyingi za injini zilitoka na ganda linalooza, ukizikunja zinapukutika kama maganda ya karanga, na ukisababisha shoti utasahau hata kama ulikuwa unatafuta joto. Baadhi pia zina kapampu kadogo ka umeme ka kusukuma maji ya hita. Dalili yake, ukikanyaga mafuta joto linakuja, ukisimama kwenye foleni linaondoka. Ila hiyo dalili hata maji pungufu yanaileta, so hakikisha maji kwanza kabla hujatoa hela ya pampu.

Rejeta ndogo ikiziba mara nyingi ni kutu, na kutu inatokana na kujaza maji ya bomba miaka nenda rudi. Kuibadilisha kwenye hii gari ni kung'oa dashibodi nzima, kazi ya siku kadhaa, na nadra sana dashi irudi bila kuanza kulia lia. Kwahiyo ioshe kwanza. Vua ile mipira miwili, chomeka mpira wa bustani kwenye upande ambao maji huwa yanatokea, yaani unaosha kinyume, fungulia maji polepole. Ya mjomba yalitoka kama chai ya rangi dakika nzima, alafu yakatoka na vipande. Geuza upande, rudia, mpaka yatoke meupe. Usikubali fundi aweke upepo wa kompresa, rejeta ya zaidi ya miaka thelathini ikipasuka maji yote yako kwenye kapeti lako. Ukishamaliza jaza kulanti nusu na maji masafi nusu, Makete na Kitulo huko alfajiri umande unaganda mweupe kwenye majani, kulanti sio urembo. Ukisikia harufu tamu ndani ya gari, kapeti mbele limelowa, kioo kinapata utando wa mafuta mafuta, hiyo rejeta tayari inavuja. Ili ufike nyumbani unaweza kuunganisha ile mipira miwili pamoja ukairuka hita, utafika, kwa baridi ila utafika.

Upande wa hewa sina mengi. Fungua pale chini ya waipa ambapo hewa inaingilia, toa majani. Gari inayolala chini ya misindano, hasa watu wa Mafinga na Mufindi, hapo utatoa kiroba. Feni ikilia au ikizunguka kivivu ni brashi zake zimekwisha. Na zenye AC milango ya hewa ndani ya dashi inavutwa na vakyumu (mvuto wa hewa kutoka kwenye injini) kwa vimpira vyembamba, kimoja kikipasuka hewa inaenda isikotakiwa. Na hivi huwa nashangaa watu hawajui, kutoa mvuke kwenye kioo washa hita PAMOJA na AC kama inafanya kazi, AC inakausha hewa, hita inaipasha, dakika mbili kioo kimekuwa cheupe.

Lile boksi watu wanaloweka mbele ya rejeta kuzuia upepo, sawa kama umekwama Igawa usiku na thamostati huna, funika nusu tu na macho yasitoke kwenye mshale. Usilisahau ukaanza kupanda nalo mlima.

Sasa dashi. Kabla hujafungua chochote zungusha kile kinobu kinachotokeza kwenye dashi, kile unachobonyeza kurudisha kilomita za safari kwenye sifuri, kukizungusha ndo kinapunguza na kuongeza mwanga. Najua unacheka, lakini kuna mtu alishalipa fundi umeme kwa hilo (ni mimi). Kizungushe mbele nyuma mara nyingi, mwanga ukiwa unachezacheza, unakuja unapotea, ndani yake pameota uchafu au pamekatika. Hapo fundi umeme mzuri anaweza kuiruka hiyo sehemu kwa kipande cha waya, mwanga ubaki wa juu muda wote, na kwa balbu za zamani hautakuumiza macho.

Kama giza ni totoro, angalia na taa ndogo za nje kama zinawaka, maana zinawaka pamoja na za dashi. Fyuzi za W124 ziko chini ya mfuniko mweusi kwenye injini, zile ndefu zenye ncha kama risasi ndogo, zinaota kutu kwenye ncha. Zizungushe na kidole palepale zilipo, mara nyingi umeme unarudi hapohapo. Alafu kama ukiwasha taa mishale ya mafuta na temperecha nayo inaruka, waya wa hasi wa dashi haushiki vizuri, usafishe unapofungwa kwenye bodi.

Ikibidi utoe mita, kile kipande cha dashi chenye mishale na taa, chomoa hasi ya betri. Inatoka kwa kuvutwa na ndoano mbili nyembamba za waya, moja kila upande, unaipenyeza, unaigeuza, unavuta kidogo kidogo pande zote. Usiing'oe kwa hasira, nyuma kuna waya wa spidi na kwa za petroli kuna kimpira cha vakyumu cha mita ya unywaji mafuta. Balbu zinageuzwa robo zinatoka. Zikiwa zimeungua au kioo kimekuwa cheusi badilisha zote, hata zinazowaka. Alafu chungulia ndani ya ganda, rangi nyeupe inayorudisha mwanga ikigeuka ya njano au kahawia hata balbu mpya zitaonekana hafifu, wengine wanapaka upya rangi nyeupe na inasaidia sana.

LED unaweza kuweka ila zina upande, isipowaka igeuze, na kinobu cha mwanga hakitazitii vizuri. Usiweke zile za bluu, kwenye ukungu wa usiku utaona bluu tu. Na balbu ya alama ya betri USIIGUSE na LED, iache ya kawaida, kwenye gari hizi umeme wa kuamsha alteneta (inayochaji betri) unapitia kwenye balbu hiyo, ukiweka LED alteneta inaweza isichaji mpaka ukanyage mafuta, au isichaji kabisa.

Kingine, kabla hujachomoa betri tafuta namba ya siri ya redio kama ni ile iliyokuja na gari. Ya mjomba sasa hita inawaka mpaka tunafungua kioo, dashi inang'aa, ila redio bado inadai namba ya siri na mwenye namba yuko Dar hapokei simu.