Fundisha hesabu kwa gemu ya vijiti 21

Kama watoto wanachoka na hesabu jaribu hii, weka vijiti 21 mezani, wawili wanacheza kwa zamu, kila mtu anachukua 1, 2 au 3, anayechukua cha mwisho kashinda. Basi. Waache wacheze kwanza na usifundishe chochote, najua mdomo utakuwasha lakini nyamaza, manake utamu wote uko kwenye kugundua wenyewe.

Baadae kuna mmoja ataona kwamba ukimwachia mwenzako vijiti 4 hana pa kutokea, akichukua 1 we unachukua 3, akichukua 2 unachukua 2. Hapo ndo uulize, na kabla ya hapo umwachie ngapi? Watarudi nyuma wenyewe, 8, 12, 16, 20, tayari wameshafika kwenye vigawe vya 4 bila kukariri, kwahiyo anayeanza achukue 1 tu.

Wakizoea badilisha sheria, ruhusu mpaka 4 (sasa vinakuwa vigawe vya 5), na waandike wanachodhani kabla ya kucheza, hii muhimu sana. Mtoto akikwama usimpe jibu, mpunguzie vijiti vibaki 6 aanzie hapo.