Kabla ya Kubisha Hodi Nyumbani kwa Dante

Ujue mapema, kabla hata hujakata tikiti: makumbusho yaitwayo nyumba ya Dante, malenga mkuu wa Italia, yaliyoko mji wa Firenze, si nyumba ya Dante. Jengo lile la mawe la Via Santa Margherita lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20, mahali panapoaminika kuwa palisimama nyumba za ukoo wa Alighieri. Linaonekana kongwe kwa sababu waliolijenga walitaka lionekane hivyo. Mgeni asiyejua huingia akitafuta kitanda cha malenga na kidau chake cha wino, akatoka amenuna. Hakuna hata karatasi moja inayojulikana leo yenye mwandiko wa mkono wake, sembuse kitanda.

Kilichomo ndani ni masimulizi. Unapanda ngazi ghorofa hadi ghorofa ukipitia Firenze ya enzi zake, vita vya Campaldino vya 1289 alivyopigana akiwa kijana, siasa zilizomponza, na mwisho Komedia yenyewe, utungo wake mrefu wa safari ya Jehanamu, Toharani na Peponi. Asiyeijua hadithi ataona mabango na silaha tu. Ndiyo maana maandalizi makubwa ya safari hii hufanyika ukiwa nyumbani, umekaa na kitabu.

Hadithi kwa ufupi ni hii. Dante alizaliwa Firenze mwaka 1265. Mji uligawanyika kati ya Weupe na Weusi, makundi mawili yaliyotoka katika chama kimoja cha Guelfi, naye alikuwa upande wa Weupe. Mwaka 1300 alishika kwa miezi miwili cheo cha priore, mmoja wa viongozi wakuu wa mji. Weusi walipotwaa madaraka alikuwa safarini. Januari 1302 akahukumiwa kwa kosa la rushwa na kutozwa faini. Hakuilipa, na Machi hukumu ikawa akikamatwa achomwe moto akiwa hai. Hakurudi tena. Halmashauri ya mji ilipiga kura kuifuta hukumu hiyo mwaka 2008, yaani miaka 706 baadaye. Bora kuchelewa, labda.

Huna haja ya kumaliza kanto (yaani sura) zote 100 za Komedia na mishororo yake 14,233. Katika Jehanamu soma kanto ya 1, ya 5, ya 26 na ya 33. Katika Pepo, usiikose ya 17. Hata kama hujui Kiitaliano, tafuta beti mbili za mwanzo uzisome kwa sauti, maana msomaji aliyelelewa na vina na mizani atasikia kitu ambacho watalii wengi kinawapita. Mshororo una mizani 11. Ubeti una mishororo mitatu: wa kwanza na wa tatu hukutana kwa kina kimoja (vita, smarrita), na kina cha kati (oscura) kinashika mwanzo na mwisho wa ubeti unaofuata (dura, paura). Kwenye utenzi wetu kina cha mwisho ndicho kinachoshona beti zote toka mwanzo hadi tamati. Kwa Dante kila ubeti unaushika mkono ule unaofuata, na ukitaka kunyofoa mmoja katikati, mnyororo mzima unakatika.

Kwa Waislamu kuna neno la pembeni ambalo ni afadhali ulisikie mapema. Katika kanto ya 28 ya Jehanamu, Dante anamweka Mtume Muhammad na Ali mahali pa adhabu, kwa maneno makali. Wachoraji waliochora Jehanamu hawakuiruka sehemu hiyo, kwa hiyo picha kama hizo unaweza kukutana nazo Italia. Hata hivyo katika kanto ya 4 Salahuddin, Ibn Sina na Ibn Rushd wamekaa na watu wa heshima, pasipo na mateso. Mwaka 1919 msomi Mhispania Miguel Asín Palacios alidai kwamba safari ya Dante inadaiwa mengi na simulizi za Miraji. Ubishi huo haujaisha.

Mambo ya karatasi nayapitia haraka. Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya au Uganda wanahitaji viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasichelewe chini ya siku 15, pamoja na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Makumbusho mengi ya Italia hufunga Jumatatu, basi hakiki ratiba ya juma lako. Makanisani funika mabega na magoti. Vaa viatu vilivyokwisha kuzoea miguu yako.

Ukiwa Firenze onja mkate wa pale. Hauna chumvi, na ndivyo unavyookwa Toskana, mkoa wa Firenze. Kisha kumbuka ile kanto ya 17, pale malenga anapotabiriwa kufukuzwa kwake: utaonja jinsi mkate wa wenyewe ulivyo na chumvi, na jinsi ilivyo taabu kupanda na kushuka ngazi za watu. Aliyeishi ughaibuni hahitaji kufafanuliwa.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuishia Firenze. Kaburi la fahari utakaloliona katika kanisa la Santa Croce halina mtu ndani. Dante alifia mji wa Ravenna Septemba 1321, na yuko huko hadi leo. Tenga siku nzima: treni ni saa mbili hadi tatu, mara nyingi kwa kubadilisha Bologna, na tikiti ya karatasi ya treni za mkoa igongwe kwenye mashine kabla ya kupanda.

Makumbusho ya Dante ya Ravenna yana kitu cha kweli, nacho ni sanduku la mbao lisilo na urembo. Mwaka 1519 Wafirenze walikuja na ruhusa ya Papa Leo X kuichukua mifupa, wakakuta jeneza tupu. Watawa Wafransisko walikuwa wameitoa kwa siri na kuificha. Mafundi waliibua sanduku hilo ukutani mwaka 1865. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mifupa ilifichwa tena, mara hii ardhini. Kichuguu chenyewe kipo hapo hapo kando ya kaburi, kimefunikwa na majani, na wengi hukipita bila kukitazama.

Kuingia kaburini ni bure. Chumba ni kidogo, na juu inaning'inia taa ya mafuta. Kila Septemba, katika ibada ya kumbukumbu ya kifo chake, ujumbe kutoka Firenze huleta mafuta ya zeituni ya kuiwasha. Ukiweza kuchagua mwezi wa safari, chagua huo.