SOMO: Kutafuta ukolevu wa mmumunyo

Chai ikikolea sukari, ulimi unakwambia. Maabara hatuonji kitu, kwa hiyo tunahesabu: moli ngapi (moli ni kipimo cha wingi wa chembe za kitu) zimo katika kila lita ya mmumunyo. Nimesema lita ya mmumunyo, sio lita ya maji uliyotia. Hapo ndipo maksi nyingi hupotea.

Tuna gramu 4 za sodiamu haidroksaidi, ile kostiki ya watengeneza sabuni. Tunataka mmumunyo wa mililita 250.

Hatua ya 1: Moli moja ina gramu ngapi? Na (sodiamu) 23, O (oksijeni) 16, H (haidrojeni) 1. Jumla 40.

Hatua ya 2: 4 ÷ 40 = moli 0.1.

Hatua ya 3: Geuza mililita kuwa lita: 250 ÷ 1000 = 0.25. Tafadhali usiiruke hata ukiwa na haraka. Ukigawanya 0.1 kwa 250 unapata 0.0004, jibu dogo mara elfu.

Hatua ya 4: 0.1 ÷ 0.25 = 0.4 M, yaani moli 0.4 kwa lita.

Sasa mezani. Vaa miwani na glavu. Tia kostiki kidogo kidogo kwenye bika yenye mililita 100 hivi za maji yaliyokenekwa (yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa), huku ukikoroga. Gusa bika kwa nje: imepata moto. Iache ipoe, kisha mimina kwenye chupa ya kupimia, ile yenye shingo nyembamba. Suuza bika, na maji ya kusuuzia yaingie humo humo, maana yana kostiki yako. Ndipo ujazie mpaka kwenye alama.

MASWALI

*Mwalimu, kwa nini tusubiri ipoe?*
Kilicho moto kimetanuka. Ukijazia hadi alama kikiwa moto, kikipoa kinashuka chini yake, na ukolevu unazidi ule ulioandika.

*Nikiulizwa gramu kwa lita je?*
0.4 × 40 = 16. Hakiki: 4 ÷ 0.25 = 16.

*Naomba msaada. Sodiamu kaboneti nimetumia gramu 106 kwa moli, jibu linakataa.*
Soma lebo, mwanangu. Ikiwa na molekuli 10 za maji ndani ya fuwele zake, moli moja ni gramu 286. Kwa mililita 250 za 0.1 M utapima gramu 7.15, ile kavu ni 2.65 tu.

*Ninayo 0.4 M, nataka mililita 100 za 0.1 M.*
0.1 × 100 ÷ 0.4 = 25. Chukua mililita 25, ongeza maji hadi jumla ifike 100. Usiongeze maji 100 juu yake, utapata 0.08 M.