Kihisi kimoja, karakana tano: kupima mashine kwa kuchangia, Arusha na Moshi

Muulize mwenye mashine ya kusaga pale Unga Limited, Arusha, mota yake inafanya kazi saa ngapi kwa siku, atakwambia kutwa. Kutwa hiyo ina matundu: umeme umekatika, mkanda umeruka, mteja bado anapima gunia na mota inazunguka tupu. Mwongozo huu ni wa kuyahesabu matundu hayo kwa kifaa kimoja kinachosoma umeme unaovutwa na mota, na kinachozungushwa kwenye karakana tano, tuseme tatu Arusha na mbili Moshi. Programu kubwa za kuendeshea kiwanda ziacheni kwanza. Hazimsaidii mtu ambaye hajajua mashine yake inasimama kwa sababu gani.

Hatua ya 1: Andikianeni karatasi moja

Karakana zinazogombea wateja walewale hazitapeana siri, wala hakuna haja. Changieni vitu viwili tu: dakika za kusimama na sababu yake. Kilo, bei na majina ya wateja vibaki kwa mwenyewe. Kila mmoja akae na kifaa wiki 2, kwa hiyo duru nzima ni wiki 10. Mashine ya mahindi ipangiwe zamu wakati wa mavuno. Ikipimwa kazi ikiwa imelala itaonekana mbovu bure.

Sababu anazoandika mwendeshaji daftarini zisizidi 6, na herufi ziwe zilezile kwa wote: U umeme, M malighafi, B kimeharibika kitu, K kubadilisha kazi au kisu, H mwendeshaji hayupo, S kusubiri mteja. Msiweke "mengineyo". Ikiwepo, kufikia Ijumaa itakuwa imezimeza zote sita.

Hatua ya 2: Vifaa vya seti moja

Bodi ya ESP32, yaani kompyuta ndogo yenye waifai. Kihisi cha kubana waya aina ya SCT-013-030, cha ampea 30. Rezista 2 za kilo-omu 10. Kapasita ya maikrofaradi 10. Moduli ya saa DS3231 na betri yake ya CR2032. Kadi ya kumbukumbu na kishikio chake. Betri ya 18650 na moduli ya kuichaji inayotoa volti 5. Boksi la IP65, lisilopitisha vumbi. Boksi msilibanie. Unga na vumbi la chuma hupenya popote, na la chuma linapitisha umeme.

Wengi hubeba SCT-013-000 ya ampea 100 wakidhani kubwa ndiyo bora. Mota ya kilowati 7.5 (HP 10) ya fezi tatu, volti 400, hula kama ampea 15 ikibeba mzigo kamili, kwa hiyo kihisi cha 100 kitatumia kipande kidogo tu cha uwezo wake na namba zitayumba. Tena hakina rezista ndani: kikibanwa kwenye waya wenye umeme kabla ya kuungiwa rezista, volti hupanda kwenye ncha zake. Cha 030 kinayo, na kwa ampea 30 hutoa volti 1.

Betri ni ya lazima. Bila hiyo, umeme ukikatika kifaa kinazimika pamoja na mashine, na sababu U, ambayo kila mtu anailalamikia, haiandikwi hata mara moja.

Hatua ya 3: Kufunga

Afanye fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, breka kuu ikiwa imezimwa na ufunguo wa boksi uko mfukoni mwake.

Bana waya mmoja wa fezi, mmoja tu. Ukibana kebo nzima, sumaku za fezi tatu zinafutana na kifaa kinasoma sifuri huku mashine inanguruma. Mdomo wa kihisi ni milimita 13, basi pima unene wa waya kabla ya kwenda dukani. Kama mota inawashwa kwa sta-delta (hatua mbili, ili isivute umeme mwingi mwanzoni), bana upande umeme unapoingilia kwenye stata, yaani boksi la kuwashia. Zile nyaya sita za kwenda kwenye mota zitakudanganya: ikishaingia delta, ampea 15 zitasomeka kama 8.7.

Rezista mbili zifuatane kati ya volti 3.3 na graundi. Katikati yake mpate volti 1.65, na kapasita itoke hapo kwenda graundi. Waya mmoja wa kihisi uje hapo katikati, wa pili uende pini 34. Msihamie pini za ADC2, kundi la pili la pini za kusomea volti, kwa sababu waifai ikiwashwa hazisomi.

Hatua ya 4: Tafuteni namba tatu

Weka mita ya klampu kwenye waya uleule na uandike ampea: imezimwa, inazunguka tupu, inasaga. Mfano: 0, 6, 13. Hapo mipaka inakuwa chini ya 1 imesimama, 1 hadi 9 iko tupu, zaidi ya 9 kazini. Kila kipimo kichukue milisekunde 200, yaani mizunguko 10 ya umeme wa hezi 50. Sekunde 10 za kuwasha zipuuzwe. Mota ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara 5 hadi 7 ya kawaida yake.

Namba hizi hazihamishwi. Kifaa kikifika kwenye randa ya Moshi na mipaka ya kinu cha Arusha, seremala ataambiwa hafanyi kazi.

Hatua ya 5: Saa

Hapa ndipo rekodi nyingi huharibika. Mwendeshaji anaandika daftarini "saa 3, mkanda". Kifaa kinaandika 09:00. Kikiachwa kwenye saa ya dunia bila kuongezwa saa 3, kitaandika 06:00, na mtu akilisoma jedwali atadhani mkanda ulikatika alfajiri. Kirekebisheni kwanza kwa saa ya Afrika Mashariki, kisha jedwali lionyeshe saa ya Kiswahili kwa kutoa 6. Kumfundisha mwendeshaji aandike 09:00 ni kujisumbua.

Hatua ya 6: Kutuma

Rekodi kila dakika kwenye kadi, tuma kwa mkupuo kila dakika 10. Kufungua muunganisho kila dakika kunamaliza bando bila sababu. ESP32 haioni waifai ya gigahezi 5, kwa hiyo ruta iwekwe kwenye 2.4.

Hatua ya 7: Someni pamoja

Duru ikiisha, pangeni dakika kwa herufi. Saa nyingi tupu zenye S hazihitaji mashine mpya. Mizani ya pili mlangoni inatosha, gunia lipimwe kabla mota haijawashwa. B ikitawala kwenye mashine za aina moja, pelekeni jedwali TEMDO hapo Arusha. Kubuni mashine ndiyo kazi yao, na dakika zilizoandikwa zina uzito kuliko malalamiko.

B ikiwa ni beringi au mikanda, linganisheni namba zilizochongwa juu yake. Karakana tatu zikikuta zote zinatumia 6308, nunueni kwa pamoja na kuziweka rafu moja Arusha, nyingine Moshi. Kati ya miji hii ni kama kilomita 80, na kifurushi kikipakiwa kwenye basi la asubuhi kinafika siku ileile. Anayechukua arudishe mpya ndani ya siku 7. Asiporudisha, zamu yake ya kifaa inarukwa.